Acheni Magari Yapite: Hotuba ya Fundi Baiskeli

Maneno haya niliyasema Jumapili asubuhi, uani kwa mwenzetu kule Nyegezi, Mwanza, baada ya mzunguko wetu wa alfajiri. Waliokuwa safarini na waliokuwa wakiuguza wagonjwa wao waliomba wasikose. Kijana mmoja alinirekodi kwa simu, binti yangu akaandika. Mimi nimeondoa vikohozi tu. Neno la kwanza ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

*

Mwangaluka!

Hapana. Hiyo ni sauti ya watu waliopanda mlima wa Bugando mara tatu bila chai. Tena: mwangaluka! Haya, sasa nimewasikia.

Shikamooni wakubwa zangu, wachache mliopo. Vijana, marahaba, hata wale ambao hamjaniamkia. Nimeombwa niseme neno kuhusu kuendesha baiskeli mahali pasipo na magari, kwenye njia za msituni. Mimi si msemaji. Mimi ni fundi. Mnanijua: mti wangu, sanduku langu la spana, beseni langu la maji la kutafutia pancha. Kwa hiyo nitaanzia ninakokujua, na huko ni kwenye sikio.

Niwaulize. Mteja akiniletea baiskeli, kitu cha kwanza ninachofanya ni nini? Nani kasema kuangalia tairi? Si tairi. Naigeuza chali, nazungusha pedeli kwa mkono, nafumba macho. Mnyororo mkavu una sauti yake. Gololi zilizoisha grisi zina sauti yake. Spoki iliyolegea nayo ina mlio, "tin", mara moja kwa kila mzunguko, kama mtu anayedaiwa anayegonga mlango kwa woga. Baiskeli haina siri kwa mtu anayeisikiliza.

Lakini wateja wangu wote wananiambia neno lile lile: "Fundi, mbona sikuwahi kusikia?" Hukuwahi kusikia kwa sababu unaendesha mjini! Utasikiaje spoki yako na nyuma yako kuna hiace inapiga honi, pikipiki mbili zinakupita kushoto, na konda anaita abiria wa Buhongwa kama anaita mvua?

Mwaka 2011 kioo cha pembeni cha gari moja, sitasema la nani, kilinigonga kiwiko kwa nyuma nikaingia mtaroni. Mkono ulipona kwa wiki sita. Sikio halijapona mpaka leo. Nikisikia injini nyuma yangu, mabega yanapanda, mikono inakaza usukani, shingo inageuka kama ya bundi. Sifikirii njia, sifikirii mwendo, nafikiria kioo. Na ninyi mko hivyo hivyo, msinidanganye. Nimeendesha nyuma yenu asubuhi hii, nimewahesabu shingo.

Sasa nawapeleka Rubya.

Mnajua Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyomo katika maziwa ya Afrika, na wengine wenu ndiko kwa wajomba zenu. Huko kuna shamba la miti la Serikali, Rubya, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Misindano imepandwa kwa mistari, mirefu, na katikati yake zimekatwa barabara za udongo za kutolea magogo. Tulikwenda sita. Baiskeli tukazipakia melini Bandari ya Mwanza Kaskazini, safari ya saa tatu na ushei mpaka Nansio, tukalala, tukatoka alfajiri. Tulifika msituni jua likiwa bado jepesi.

Ndugu zangu, nilipoingia chini ya ile miti nilidhani nimepata uziwi. Majani ya misindano yanapoanguka yanakaa chini kama mkeka, tairi linapita juu yake halitoi mlio. Upepo ulikuwa unavuma juu kwenye vilele, na kwa muda mrefu sikujua kama ninachosikia ni miti au ni ziwa. Furukombe akalia mahali fulani upande wa maji. Basi.

Halafu, baada ya kama dakika kumi, baiskeli zikaanza kusema. Zote sita! Ya mbele yangu madigadi yanagusa tairi. Ya kaka yetu yule mrefu, kila pedeli ya kulia ikifika juu inasema "tk". Nikamwambia, "Kaka, gololi za ekseli yako ya pedeli zimekufa." Akabisha. Amekuwa nayo miezi minane, kila siku anakwenda nayo kazini, haijawahi kulia. Tukasimama, nikafungua. Gololi tatu zilikuwa zimemomonyoka kama meno ya mzee, na grisi imekuwa uji mweusi. Miezi minane! Anapita nayo katikati ya mji wote huu, na hakuna aliyesikia, wala yeye.

Siku ile shingo yangu haikugeuka hata mara moja. Nililigundua hilo jioni, nilipokuwa nikiinama kunawa miguu, kwamba shingo haiumi.

Sasa najua mnachofikiria. Fundi, hiyo ni Ukerewe, ni meli, ni kulala, ni nauli. Sisi tuna Jumamosi nusu siku. Vizuri. Nawapa siri ya pili, na hii ni ya bure.

Acheni magari yapite.

Nani amewahi kuvuka Kamanga na baiskeli? Inua mkono. Na kivuko kilipofika ng'ambo, ulifanya nini? Umeona! Ulikimbilia mlango utoke nao. Kila mtu anafanya hivyo. Kivuko kinagusa nchi kavu, mlango unashuka, magari yanatoka kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Lori, hiace, pikipiki, gari dogo la bwana harusi, wote wanataka kuwa wa kwanza Sengerema. Na wewe na baiskeli yako katikati yao, unameza vumbi kilometa kumi za kwanza, ukifika unasema barabara ya Kamanga ni mbaya.

Mimi nilitoka wa mwisho. Nikaegesha Phoenix yangu, nikanunua chai na mhogo wa kuchoma, nikakaa juu ya jiwe. Vijana wangu wakaninung'unikia. Nikawaambia kaeni. Magari yakaondoka yote. Na waliokuwa wanatoka Sengerema kuwahi kivuko? Hao walikwisha kufika kabla, wako kwenye foleni pale pale wanatutazama, wakaingia, kivuko kikageuka kikaenda zake. Nikamaliza mhogo. Nikafuta mikono. Mbele yetu ikabaki barabara tupu, ina mbuzi wawili na mtoto mmoja na ringi lake.

Kivuko kinaleta magari kwa mafungu. Fungu linapita, barabara inavuta pumzi mpaka fungu lijalo. Ukiijua pumzi ile, una barabara bila gari hapa hapa, kwa bei ya nauli ya kivuko na mhogo.

Zamani kivuko cha Kigongo na Busisi kilikuwa hivyo hivyo. Tarehe 19 Juni 2025 daraja likazinduliwa, kilometa 3 juu ya maji, na mimi nilishangilia kama mtu mwingine yeyote. Nina ndugu Sengerema. Najua maana ya mama mjamzito kusubiri kivuko usiku. Sitamani kivuko kirudi, naomba msininukuu vibaya. Nasema tu kwamba barabara ile sasa haina pumzi, magari yanakuja mfululizo, na mwenye baiskeli ajue hivyo kabla hajatoka kwake. Ukienda upande ule, nenda alfajiri, au kata uingie njia za vijijini mapema.

Na hapa niseme kidogo juu ya tairi, kwa sababu ni kazi yangu na hamtaniponza. Kuna vijana wananijia na baiskeli za mtumba za mashindano, tairi jembamba kama kamba ya kiatu, milimeta 23, imejazwa upepo mpaka inalia kama ngoma. Hiyo usiipeleke kwenye udongo. Itakurusha kama punda, na kila mwiba wa mgunga utakuwa wako. Huko Ulaya sasa watu wanalipa fedha nyingi kupata baiskeli zenye tairi la milimeta 40 za kuendea njia za msituni. Mnajua tairi la Phoenix ya babu yako, inchi 28 kwa 1½, lina upana gani? Kama milimeta 40! Limekaa ghalani limefunikwa magunia ya mpunga. Litoe, lete kwangu, tutaongea.

(Mlicheka, lakini wanne mmeshanipigia.)

Nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa, maana hayo mengine mngeweza kuyajua wenyewe.

Siku ya pili kule Rubya tulikuwa tunashuka kimteremko. Njia laini, kivuli, hakuna gari, hakuna honi, tumejisahau. Mbele yetu anatembea mama na mzigo wa kuni kichwani. Tukamjia kwa nyuma, sita, mwendo wa mteremko, kimya kabisa, maana si nimewaambia majani yanameza sauti? Yule wa mbele alipokuwa karibu kumfikia akapiga kengele. "Kring!" Mama akaruka, kuni zikamwagika njia nzima, kijana wetu akaingia kwenye misindano na baiskeli yake.

Hakuumia mtu. Tukashuka, tukaanza kuokota kuni. Mimi nilishika kamba ya magome nikawa naufunga mzigo upya, naye ananitazama ninavyoufunga vibaya. Akaninyang'anya kamba. Akaufunga mwenyewe, mara tatu, goti juu ya mzigo, akavuta. Kisha akasema kwa utulivu kabisa, "Baba, si mngepiga hodi."

Nimelifikiria neno lile kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia. Sisi tulikuwa tumekimbia magari. Tulikuwa tunasifu njia isiyo na gari. Kumbe gari lilikuwepo. Gari lilikuwa sisi! Kile alichonifanyia yule mwenye kioo mwaka 2011, kuja kwa nyuma, kwa kasi, na kunishtua, ndicho tulichomfanyia mama wa watu kwenye njia anayoipita kila siku.

Na haikuwa njia yetu. Haikuwa hata yake peke yake. Mchana ule ule kijana mwenye kandambili alitupita kwenye kilima, ana matenga mawili ya dagaa nyuma kwenye karia, amesimama juu ya pedeli, hahemi. Akapunguza mwendo kwa heshima: "Shikamoo wazee. Mnakwenda wapi?" Nikamwambia tunazunguka tu. Akafikiri. "Mnazunguka… bure?" Nikasema bure. Akasema "haya," kama mtu anayempa pole mgonjwa, akaenda zake na dagaa wake. Huyo ndiye mwendesha baiskeli wa msituni. Sisi ni wageni. Hata neno bodaboda tunalolitumia kwa pikipiki lilizaliwa na watu wa namna yake, wenye baiskeli za kubeba abiria na mizigo pale mpakani Busia, kabla ya injini kuwapokonya jina.

Kwa hiyo, wapenzi wangu, kabla ya kuingia msitu wowote wa Serikali, nenda ofisini kwao, jitambulishe, omba. Mlinzi atakuambia wapi wanakata miti wiki hiyo, na lori la magogo halina huruma, nalo linashuka katikati ya njia. Atakuambia siku gani hawafanyi kazi. Wakati wa kiangazi usiwashe hata sigara: sindano zilizokauka chini ya misindano zinashika moto kama karatasi, na zile njia pana mnazoona zimelimwa katikati ya miti hazikulimwa kwa ajili ya starehe yenu, zimelimwa ili moto ukifika pale ukose cha kula. Wakati wa mvua, sindano hizo hizo zinateleza kama sabuni; usifunge breki ya mbele kwenye kona. Mwenye Phoenix ya breki za vyuma ajue kuwa ringi likilowa breki zinakuwa mapambo.

Na ukimwona mtu mbele, piga hodi ukiwa mbali. Kwa mdomo. "Hodi jamani, tunapita!" Halafu punguza mwendo kweli kweli, na akikusalimu usimame.

Nimalizie na ombi langu, maana nimeona sufuria ya ubwabwa imeshushwa.

Mteja wangu mmoja, mwalimu, alinisomea habari za msitu mmoja Marekani, jimbo la Maine, panaitwa Acadia. Kuna barabara za kokoto ndani ya msitu, zenye madaraja ya mawe yaliyojengwa kwa ufundi, urefu wake kama kilometa 72. Gari haliruhusiwi. Watembea kwa miguu, farasi, na baiskeli. Nikamuuliza, nani alikuwa na akili hiyo? Akaniambia ni John D. Rockefeller Mdogo, aliyezijenga kati ya mwaka 1913 na 1940. Na huyo ni mtoto wa nani? Ni mtoto wa yule tajiri wa mafuta! Baba alianza na mafuta ya taa na kumaliza na petroli iliyojaza magari ya Marekani. Mtoto akachukua fedha ile ile akajenga barabara ambazo gari haliingii. Nilicheka mpaka nikadondosha spana. Yeye aliyajua magari kuliko sisi sote, na alipotaka kupumzika alijitengenezea njia ya mkokoteni wa farasi.

Sisi hatuna baba wa mafuta. Lakini Bogotá, mji wa Kolombia, hawakusubiri tajiri. Tangu mwaka 1974 wanafunga barabara zao Jumapili kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, na sasa ni zaidi ya kilometa 120, watu wanatoka na watoto, na mbwa, na bibi zao. Kigali, jirani zetu hawa, walianza mwaka 2016 na siku moja kwa mwezi, wakaongeza zikawa mbili. Hawakujenga chochote. Waliweka vizuizi, wakasema leo gari lipumzike.

Mimi sitaki kilometa 120. Nataka ule mzunguko wa Capri Point tu. Mnaujua: miti ipo, mawe yapo, ziwa lipo, kilima kidogo cha kumtoa mtu jasho kipo. Jumapili moja kwa mwezi, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Wenye nyumba zao kule waruhusiwe kupita polepole, na gari la wagonjwa lipite wakati wowote. Nimeandika barua. Iko hapa, kurasa mbili, mwandiko wa binti yangu si wangu, inasomeka. Kabla hamjala kila mtu atie sahihi, kisha watatu kati yenu mnaovaa tai siku za kazi mtaipeleka halmashauri, maana mimi nikienda na mikono hii ya grisi wataniuliza nimekuja kurekebisha nini.

Kuna aliyeinua mkono kule nyuma. Dada, sema.

…Anauliza: na asiye na baiskeli je? Yeye kamsindikiza mumewe tu, ila ameipenda habari ya Rubya.

Dada yangu, safari ya Rubya ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mvua ikiruhusu. Ninazo Phoenix mbili pale kwenye mti, zina tairi nzima na karia. Chukua moja, shemeji nitamtoza yeye. Moja haina kengele, na ndiyo nitakayokupa.